SOMO: CHUMBA KIMEPAKWA RANGI, MBONA UKUTA UNATOKA JASHO?

Wasomaji wetu wa sehemu za baridi kama Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa wanaijua shida hii. Mtu anauza viazi au maziwa, anapata pesa kidogo, anaita fundi. Chumba kinapigwa plasta, kinawekwa dari, kinapakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Kinapendeza kweli. Halafu inafika baridi ya Juni mpaka Agosti, na asubuhi maji yanateremka ukutani. Baada ya wiki chache kona zinaingia madoa meusi ya ukungu, nguo zinanuka, na watoto wanaanza kukohoa.

Hapo lawama humwendea fundi au duka lililouza rangi. Rangi nyingine inanunuliwa, na pesa zinapotea mara ya pili. Basi somo letu ni hili: kabla ya kununua rangi tena, jua kwanza maji yanatoka wapi.

Maji hutoka wapi?

1. Ardhini. Alama huanzia chini sakafuni na kupanda, kwa kawaida bila kupita mita 1. Mara nyingi utaona chumvi nyeupe kama unga, na rangi inabambuka.

2. Mvua. Alama huonekana upande unaopigwa na mvua, au chini ya mahali mabati yanapovuja. Huzidi mvua ikinyesha.

3. Plasta mpya. Plasta huchanganywa na maji, na maji hayo lazima yatoke. Hukauka karibu milimita 1 kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, na jiwe lililo nyuma yake nalo limelowa. Ngoja angalau wiki 4 kabla ya kupaka rangi ya mafuta. Wakati wa baridi ngoja zaidi. Ukiharakisha, rangi itafanya malengelenge.

4. Sisi wenyewe. Tukipumua, tukipika githeri, tukianika nguo ndani, mvuke unaingia hewani. Hata gesi ya kupikia, kilo 1 ikiungua hutoa maji zaidi ya lita 1 na nusu. Mvuke huu ukigusa kitu baridi unageuka kuwa matone, kama vile chupa ya soda ikitolewa kwa friji.

Hii ya nne ndiyo wengi hawaifikirii. Tuchukue mfano. Chumba cha futi 10 kwa 10, chenye urefu wa futi 9 kwenda juu, kikiwa na joto la digrii 20, hewa yake inaweza kubeba karibu gramu 440 za maji. Usiku joto likishuka mpaka digrii 10, hewa hiyo hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 240 hivi. Kama ilikuwa imejaa mvuke, maji yanayobaki ni kama glasi moja. Yatakwenda wapi? Ukutani, kwenye vioo na chini ya mabati.

Kwa nini shida ilianza baada ya kutengeneza chumba?

Zamani ukuta ulikuwa na chokaa, ukanywa maji usiku na kuyatoa mchana. Dirisha la mbao lilikuwa na nafasi za kupitisha hewa. Sasa rangi ya mafuta imefunika ukuta kama nailoni, dirisha jipya linafunga kabisa, na yale matundu ya hewa juu ya dirisha yamezibwa kwa magazeti au matambara ili baridi isiingie. Ni kweli usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini tundu la hewa si ufa. Liliwekwa kwa kazi yake.

Jaribio la kufanya nyumbani

Kata kipande cha nailoni cha futi 1 kila upande. Pangusa ukuta, kibandike kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku 2. Maji yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ndani ya ukuta. Unaweza kukuta pande zote mbili. Basi una kazi mbili.

Dawa yake

Maji yakitoka ndani ya ukuta: ondoa udongo na maua yaliyorundikwa nje ya nyumba, mpaka sakafu iwe juu ya ardhi kwa inchi 6 au zaidi. Tengeneza mabati na mifereji. Plasta ikiwa mbichi, iache ikauke.

Yakiwa ni mvuke:
- Fungua madirisha ya pande mbili kwa dakika 15 kila asubuhi, na baada ya kupika.
- Zibua matundu ya hewa. Ukiogopa mbu, weka wavu.
- Funika sufuria. Anika nguo nje au kwenye veranda.
- Sogeza kitanda na kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Ukungu usiusugue ukiwa mkavu, maana vumbi lake huingia kifuani. Upanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, madirisha yakiwa wazi. Ukitumia dawa kama Jik, iongeze maji, vaa glavu, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafisha choo. Ukuta ukikauka kabisa ndipo upake rangi, na afadhali rangi ya maji. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta.

ONYO: Usikaushe chumba kwa jiko la makaa

Wengine hufunga madirisha na kuingiza jiko ili ukuta ukauke, kisha wanalala. Hii ni hatari kubwa kuliko unyevu wenyewe. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ukuta hukaushwa na hewa inayopita.

Na unyevu usidharauliwe. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ukieleza kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba unahusiana na pumu na magonjwa mengine ya kifua. Mtoto anayekohoa kila baridi apelekwe kliniki, na chumba anacholala kiangaliwe pia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nyumbani kwako matundu ya hewa ni mangapi? Mangapi yamezibwa?
2. Nani analala karibu na ukuta ulio baridi zaidi?
3. Fundi akisema chumba kipakwe rangi wiki moja baada ya plasta, utamjibu nini?
4. Fanyeni jaribio la nailoni katika nyumba tatu, kisha mlinganishe mliyoyaona.