Taa, Sahani na Shanga za Nairobi: Nunua Karakanani

Mwambie dereva wa teksi wa Nairobi kwamba unatafuta vitu vya kupamba nyumba, na huenda akakushusha kwenye duka la zawadi lenye twiga wa mbao mlangoni. Mshukuru, halafu mwombe akupeleke kwa mafundi. Mji huu una matanuri ya kioo na ya udongo, wafua bati, wayeyusha shaba na wasusi wa vikapu, na wengi wao wanapokea wageni wakiwa kazini. Ukinunua pale kitu kinapotengenezwa, unamwona aliyekitengeneza, unamuuliza kimetokana na nini, unaagiza kipimo unachotaka, na pesa yako inafika kwa aliyetoka jasho. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata karakana, na maduka makubwa nawaachia wenye haraka.

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ukanoe jicho kwenye jengo la Kenya National Archives, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Kiingilio ni kidogo. Chini kabisa kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966 na aliyependa kazi za mikono kuliko madaraka. Ni yeye na Mmarekani Alan Donovan walioanzisha African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970, duka lililowafundisha wengi kwamba kigoda, kibuyu au mkufu wa Kiafrika unastahili kukaa sebuleni kwa heshima. Tazama jinsi mishono ya shanga ilivyo sawa, na jinsi kingo za vyungu zilivyolainishwa. Ukitoka hapo, kazi ya kulipua utaitambua ukiwa mbali.

Kwa taa, anza na kioo cha Kitengela. Usikubali kupelekwa mji wa Kitengela, ule ulio kwenye barabara ya Namanga. Karakana za kioo unaziendea kupitia Lang'ata na Ongata Rongai, kwa Barabara ya Magadi. Matatu namba 125 na 126 zitakufikisha Rongai kutoka Railways, katikati ya mji. Kutoka hapo ni bodaboda au teksi, maana njia ni ya vumbi na mawe, na mvua ikinyesha inageuka tope. Wanaopitia upande wa Maasai Lodge huvuka kwa miguu daraja linaloning'inia juu ya bonde la mto Mbagathi. Linayumba, na chini ni mbali. Anayeogopa kimo azunguke kwa gari, na kila mtu apige simu kwanza kuuliza kama tanuri linawaka siku hiyo.

Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha hapa kazi ya vioo vya rangi mwishoni mwa miaka ya 1970. Baadaye mwanawe, Anselm, akajenga tanuri la kupulizia kioo. Malighafi yao ni vioo vya madirisha vilivyovunjika, vinavyoyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000. Simama pembeni utazame. Fundi huchovya bomba refu la chuma ndani ya tanuri, akalizungusha, likatoka na donge jekundu linalotaka kudondoka kama asali. Mikono yake haisimami: akiacha kuzungusha, donge linalala upande mmoja. Anapuliza kidogo, analiviringisha juu ya bamba la chuma, analirudisha motoni, na mwenzake anafika na koleo wakati ule ule anaohitajika bila kuitwa. Chombo kikikamilika hakiachwi mezani. Huingizwa kwenye tanuri jingine lenye joto la chini, kipoe polepole kwa saa nyingi, kwa kuwa kioo kikipoa ghafla kinapasuka chenyewe.

Ukishaona hayo hutashangaa kwa nini taa moja ya kuning'inia inagharimu inavyogharimu. Viputo vya hewa ndani ya kioo si kasoro, na taa ikiwashwa usiku ndivyo vinavyotawanya mwanga ukutani. Kasoro ni ufa. Kiinue chombo juani, kigeuze taratibu, utafute mstari mwembamba unaong'aa, kisha pitisha kidole kwenye mdomo wake uhisi kama umelainishwa. Bilauri zao ni nzito, zina kitako kinene, na kwa meza ya kila siku nazipendelea kuliko zile nyembamba za kiwandani. Ila usizimiminie chai ya moto kabla ya kumuuliza muuzaji kama zinastahimili.

Neno kuhusu umeme, kwa sababu taa nyingi huishia kabatini baada ya safari kwa kutoulizia volti na plagi. Kenya inatumia volti 240 na plagi ya pini tatu bapa, ile ile ya Uganda, Oman na Imarati, na iliyozoeleka pia Tanzania. Anayerudi Bujumbura, Kigali au Goma atahitaji plagi ya pini mbili za mviringo. Anayeishi Marekani, ambako umeme ni volti 120, anunue mwili wa taa peke yake, waya na holda akafungiwe huko. Uliza pia holda ni ya balbu ya kuskrubu au ya pini, maana hapa zote mbili zipo. Tumia balbu za LED. Kifuniko kilichosukwa kwa ukindu au mkonge hakifai kukaa karibu na balbu ya zamani inayounguza.

Taa za bei ndogo, na kwangu zenye mvuto usiopungua ule wa kioo, ziko Kamukunji, jirani na soko la Gikomba. Ni eneo la jua kali, yaani la mafundi wadogo wadogo, ambako nyundo hazinyamazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Vibanda vya kuwakinga mafundi na jua vilikuja baada ya Rais Daniel arap Moi kuwatembelea mwaka 1985. Kabla ya hapo walifanya kazi wazi, vichwa juani. Hapa bati la pipa kuukuu au la kopo la mafuta ya kupikia linakuwa sanduku la mwanafunzi, jiko, karai, chujio, koroboi au kandili ya kuwapasha joto vifaranga. Kandili hiyo ya vifaranga ndiyo ninayokushauri uitafute. Imetobolewa pande zote, na ukiweka mshumaa au balbu ndogo ndani, barazani panajaa nukta za mwanga.

Mwone fundi anavyounganisha pande mbili za bati bila kuchomelea: anakunja ukingo wa kwanza, anakunja wa pili, anazipachika, halafu anazigonga juu ya kipande cha reli hadi ziwe kitu kimoja. Mpelekee mchoro, hata ule wa kalamu kwenye karatasi ya daftari, umwambie urefu na upana kwa sentimita. Atakutengenezea taa ya ukutani usiyoweza kuikuta dukani. Mwombe azikunje ndani kingo zote, kwa kuwa bati lisilokunjwa linakata vidole. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, uvae viatu vilivyofunika vidole, simu iwe mfuko wa ndani, na ukiweza uongozane na mwenyeji. Usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Watu hawa wako kazini.

Kwa meza ya chakula, panda matatu namba 24 kuelekea Karen, uulize karakana ya Kazuri, iliyo Mbagathi Ridge, si mbali na Makumbusho ya Karen Blixen. Ilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood, akianza na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Baadaye walioajiriwa walifika mamia. Kazuri inajulikana zaidi kwa shanga, lakini vikombe, mabakuli na sahani zake za udongo zina rangi ambazo sijaziona kwingine. Karakanani utawakuta akina mama wakiviringisha udongo viganjani, punje moja baada ya nyingine, wakizitoboa, wakizianika. Zinachomwa, zinapakwa rangi kwa brashi, kisha zinarudi motoni ili zing'ae. Ukichagua mkufu, ushike. Shanga za udongo zina uzito na ubaridi ambao plastiki haina, na ukizitazama kwa karibu hakuna mbili zinazofanana kabisa.

Mawe ya Kisii yanatoka Tabaka, magharibi mwa Kenya, na Nairobi utayapata City Market, Muindi Mbingu Street, na kwenye kila soko la vinyago. Jiwe hili ni laini, linachongwa kwa panga na kisu, kisha linasuguliwa kwa msasa na maji. La asili huwa jeupe, la kijivu au la waridi lenye mishipa. Kwa chakula nunua lisilopakwa rangi. Zile sahani zenye pundamilia na maua ni za kutundika au kuwekea funguo, maana rangi huchubuka zikisuguliwa kila siku. Vishikio vya mishumaa vya mawe haya ni vizuri mno, ila ni vizito, na begi lako lina kikomo cha kilo.

Kwenye mbao kuwa macho. Mpingo wa kweli ni mzito, hata ukiutia majini unazama, na mara nyingi utaona ukingo mweupe wa mti wake umeachwa makusudi. Kinyago chepesi cheusi ti ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu. Sugua chini yake kwa leso nyeupe yenye unyevu utajua. Kwa mabakuli ya saladi na miiko, tafuta mbao za mzeituni wa mwitu, zenye michirizi ya kahawia. Kagua kama zimekauka vizuri, kwa kuwa mbao mbichi zikifika Ulaya ndani ya nyumba yenye mashine ya joto zinapasuka mwezi wa kwanza. Nyumbani uzipake mafuta ya kupikia mara kwa mara, na usiziloweke.

Viondo ni Kariokor, upande wa Ngara, soko linalobeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Kiondo huanzia kitako, kikazunguka kwenda juu, na kazi nzuri utaijua kwa kukigeuza ndani nje: nyuzi zimebana, mwanga haupenyi, ncha hazining'inii. Cha mkonge kina ukavu fulani na harufu ya jani, na kinasimama chenyewe kikiwekwa chini. Cha sufu au nailoni ni laini na kinalala. Vyote ni halali, mradi usilipe bei ya mkonge ukapewa nailoni. Tafuta kisicho na mikanda, umchagulie fundi wa ngozi rangi na urefu wa mkanda, akushonee ukisubiri. Mafundi hao hao wana viatu vya ngozi na shanga, na akala za matairi zinazodumu kuliko mguu unavyotarajia.

Bangili na hereni za shaba nyingi hutoka Kibera, ambako makufuli na mabomba makuukuu huyeyushwa na kumiminwa upya. Mafundi wengine huko huchemsha mifupa ya ng'ombe, wakaikata, wakaichora kwa nta na rangi nyeusi. Ulizia ni mfupa wa mnyama gani, na ukiambiwa kwa siri kwamba ni pembe ya ndovu au gamba la kasa, ondoka. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ni kali kwa anayeuza na anayenunua, na ni ndani ya mbuga ya Nairobi ambapo tani 105 za pembe za ndovu zilichomwa tarehe 30 Aprili 2016. Mapambo ya nyumba hayahitaji mzoga.

Maasai Market inahama kulingana na siku, na Ijumaa kwa muda mrefu imekuwa Village Market, Gigiri. Ulizia hotelini siku moja kabla. Kuna uteuzi mpana, lakini wengi pale ni wachuuzi, na bei ya kwanza inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile mtakayokubaliana. Vijana watajitolea kukutembeza na kikapu. Wakatalie kwa upole, kwani malipo yao yataongezwa kwenye bei yako. Salimia kwanza, uliza habari za kazi, ndipo utaje bei. Mtanzania au mtu wa pwani akimwamkia mama mzee shikamoo, atavutiwa kiti. Mwombe bei ya mwananchi, punguza kwa hatua, na ukishakubaliwa nunua. Kwa fundi aliyekaa na kitu siku nzima sishauri kuvuta sana. Toa kinachostahili. Wengi hupokea M-Pesa, nawe unaweza kusajili laini kwa pasipoti.

Njoo na mfuko wako wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kioo kifunge kwa leso na magazeti, ndani ya sufuria au kandili ya bati uliyonunua, uende nacho mkononi kwenye ndege. Mawe yawe katikati ya begi kubwa, mbali na kingo. Taa ya kuagiza iagize siku ya kwanza ya safari. Lipa sehemu kwanza na salio ukiichukua, andikiana na fundi vipimo na tarehe, na siku ya kuichukua hakikisha imewashwa mbele yako pale pale karakanani kabla haijafungwa.