Kiinitete Kinapojila Ili Kiishi

Otofajia ni nini?

Otofajia, yaani kujila kwa seli, ni utaratibu ambao seli huzingira kwa utando maradufu baadhi ya vitu vyake vya ndani, kisha kifuko hicho huungana na lisosomu, ambayo ni kijifuko chenye vimeng'enya, na yaliyomo huvunjwavunjwa yakawa malighafi tena. Christian de Duve aliupa jina hilo mwaka 1963, na Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyezitambua jeni zake katika hamira, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Usichanganywe na kifo cha seli kinachotenganisha vidole vya mimba, kwa kuwa hapa seli hujila ili iishi.

Kiinitete cha mamalia huhitaji otofajia lini?

Huihitaji mapema mno. Yai la mamalia halina akiba kubwa ya chakula kama la kuku, na siku kadhaa hupita kabla kiinitete hakijajipandikiza katika mji wa mimba. Kwa panya, otofajia huanza ndani ya saa 4 baada ya utungisho, hutulia kidogo, kisha hurejea mwishoni mwa hatua ya seli 2. Protini ambazo mama aliziweka ndani ya yai huvunjwa, na asidi amino zake hutumika kuunda protini mpya zinazoagizwa na jeni za kiinitete chenyewe. Mwaka 2008 watafiti Satoshi Tsukamoto, Noboru Mizushima na wenzao walionyesha kwamba yai lisilo na Atg5, jeni inayohitajika kwa otofajia, likirutubishwa na mbegu isiyo nayo pia, hukoma kwenye seli 4 hadi 8; lakini mbegu ikiwa nayo, kiinitete huendelea kukua. Nakala moja tu ya baba, basi, yatosha kukiokoa.

Mbona panya wasio na Atg5 huweza kuzaliwa?

Ni kwa sababu mama mwenye nakala moja nzima huwa ameshaiweka protini ya jeni hiyo katika yai, nayo huwavusha siku za mwanzo. Kinachowashinda ni kuzaliwa kwenyewe: kitovu kikikatika, lishe ya kondo hukoma ghafla, na katika kichanga wa kawaida seli za moyo, mapafu na kiwambo hujila kwa kasi, hasa kati ya saa 3 na 6 za kwanza. Akiko Kuma na wenzake waliripoti mwaka 2004 kwamba vichanga wa kawaida walionyimwa maziwa waliishi saa 21 hivi, ilhali wasio na Atg5 waliishi saa 12 tu, na waliponyweshwa maziwa kwa lazima, maisha yao yalirefuka.