Jinsi Samaki wa Ziwa Wanavyohesabiwa

Mfugaji wa Magu huwahesabu ng'ombe wake jioni waingiapo zizini. Lakini ni nani awezaye kuwahesabu samaki wa Ziwa Victoria? Eneo la ziwa hili ni kama kilometa 68,800 za mraba, na penye kina kirefu hufika mita 80 hivi. Mvuvi wa Ghuba ya Speke ajua alichokipata usiku mmoja. Hajui kilichobaki majini.

Kazi hiyo ina wenyewe. Katika miaka ya 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alichunguza samaki na nyavu za ziwa lote. Mwaka 1947 kituo cha uchunguzi kilianzishwa Jinja, katika Uganda. Mwaka 1980 Tanzania ilianzisha Taasisi yake ya Utafiti wa Uvuvi, nayo ina kituo mjini Mwanza.

Wataalamu hufanyaje kazi? Kwanza, huenda mialoni wakapima urefu na uzito wa samaki, tena huwapasua matumbo wapate kujua wamekula nini, na kama wana mayai. Pili, huteremsha majini sahani nyeupe kwa kamba. Itowekapo machoni, hupima kamba, wakajua maji yameng'aa kiasi gani. Tatu, chombo kilichofungwa merikebuni hupeleka sauti chini. Sauti ikigonga samaki hurudi kama mwangwi, na kwa mwangwi huo hukadiria wingi wao.

Faida yake ni nini? Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, akaleta fedha na viwanda. Lakini aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Hayo yalijulikana kwa hakika kwa sababu watu walikuwa wamehesabu tangu mbele. Asiyehesabu hajui kilichopungua.

Basi, sheria hukataza kuvua sangara mfupi kuliko sentimita 50, ili asinaswe kabla ya kuzaa. Mtu mmoja akiivunja, hushiba leo. Wakiivunja wote, watoto wa Magu watakula nini kesho?

Maswali
1. Sauti huwasaidiaje wataalamu?
2. Kwa nini sangara mdogo asivuliwe?
3. Mweleze mvuvi wa kwenu faida ya kuhesabu samaki.