Babu zenu walikuwa upande gani? Somo la kuchunguza habari za askari wa zamani



Familia inayokimbia vita huacha nyumba, shamba na mara nyingi hata karatasi zake. Hadithi za nani alimdhulumu nani haziachwi. Zinafika pamoja na watu. Mahali kama Kampene, katika teritwari ya Pangi, wenyeji na waliohamishwa wakianza kugombania shamba au kiti cha uchifu, haichukui muda mrefu mtu kusema: "Babu zenu waliletwa na Waarabu," au "Ninyi mliwatumikia Wazungu." Maneno hayo yanatoka katika vita vilivyopiganwa Maniema miaka ya 1892 hadi 1894. Hakuna aliyeviona ambaye bado yuko hai. Basi tunaweza kujua nini kwa hakika?

Katika somo hili tutamfuata askari mmoja aliyekuwako. Tumemchagua Mwingereza kwa sababu moja tu: aliacha karatasi nyingi. Mtaona kwamba karatasi zake zinatupeleka kwa mtu mwingine, aliye muhimu zaidi kwetu.

Sidney Langford Hinde alizaliwa Kanada mwaka 1863, wakati wa Malkia Victoria wa Uingereza, akawa daktari. Aliingia kazi katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akapewa cheo cha kapteni. Mkubwa wake alikuwa Francis Dhanis, ofisa Mbelgiji. Jeshi lao liliteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Mwaka 1895 habari za safari zake zilichapishwa katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mwaka 1897 akatoa kitabu, The Fall of the Congo Arabs, ambacho leo kinasomwa bure kwenye intaneti. Baadaye alifanya kazi Kenya, na mwaka 1901 yeye na mkewe Hildegarde walichapisha kitabu kuhusu Wamasai.

Unapopata karatasi ya namna hii, tafuta kwanza tarehe tatu: siku jambo lilipotokea, siku lilipoandikwa, na siku lilipochapishwa. Barua kutoka Kasongo ilichukua miezi kufika Ulaya. Gazeti la Brussels la wakati huo, kama Le Mouvement géographique, lilipoandika habari za vita, habari hizo zilikuwa zimekwisha kuzeeka, na zilikuwa zimepita mikononi mwa watu wenye sababu zao. Kisha jiulize: aliandikiwa nani? Kitabu cha Hinde kilinunuliwa na watu wa Uingereza waliopenda habari za kutisha. Kina kurasa nyingi kuhusu ulaji wa watu, na kinawapaka karibu makabila yote ya Kongo rangi hiyohiyo. Ukikisoma utaudhika. Lakini usikitupe. Tenganisha yale aliyoyaona kwa macho yake na yale aliyoambiwa, maana mara nyingi yeye mwenyewe anaonyesha tofauti hiyo.

Jambo la pili ni majina, na hapa wengi hupotea. Mji wa Riba-Riba unaousoma katika karatasi za 1892 ni Lokandu ya leo. Luluabourg ni Kananga. Balega wameandikwa Warega. Tippu Tip ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, na Rumaliza ni Muhammad bin Khalfan. Ukitafuta kwa jina moja tu, utadhani mtu huyo hakuwako. Andika majina yote ya mtu kwenye ukurasa mmoja kabla ya kuanza kutafuta.

Sasa tufike kwa yule mtu mwingine. Jina lake limeandikwa Gongo Lutete, Ngongo Lutete, na Ngongo Leteta. Alikuwa mkubwa wa vita wa Tippu Tip na wenzake, akikaa Ngandu karibu na mto Lomami. Mwaka 1892, baada ya kupigana na Dhanis na kushindwa, aliacha upande wa Waarabu akajiunga na Dola. Watu wake ndio waliokuwa wengi katika jeshi lililoteka Nyangwe na Kasongo. Bila wao Dhanis asingefika mbali.

Halafu, mwaka 1893, maofisa waliokuwa Ngandu walimshtaki kwamba anapanga usaliti. Walimhukumu wenyewe, upesi, bila kumngoja Dhanis. Dhanis alipopata habari alimtuma Hinde aende kuzuia. Hinde alichelewa. Gongo Lutete alikuwa ameshapigwa risasi, tarehe 15 Septemba 1893. Katika kitabu chake Hinde hafichi kwamba aliona kosa kubwa limefanyika. Ushahidi huu una uzito, kwa kuwa unatoka kwa mtu wa upande uleule uliomwua.

Mambo hayakuishia hapo. Askari waliokuwa wa Gongo Lutete walipelekwa Luluabourg. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamwua Kapteni Pelzer, mkuu wao. Wanahistoria wanataja sababu kadhaa: ukali wa Pelzer, mshahara usiolipwa, na kisasi cha Gongo Lutete. Dola ilichukua miaka kuuzima uasi huo.

Rudini sasa kwenye lile swali la babu zenu walikuwa upande gani. Mtu mmoja wa jeshi la Gongo Lutete angeweza kuwa upande wa Waarabu mwanzoni mwa 1892, upande wa Dola mwaka 1893, na kupigana na Dola mwaka 1895. Pande tatu katika miaka isiyofika minne, na huenda hakuulizwa hata mara moja.

Jina la mtu huyo, hata hivyo, ni vigumu kulipata. Maofisa wa Kizungu wana wasifu, vyeo na tarehe za kuzaliwa katika vitabu vikubwa vilivyoanza kuchapishwa Brussels mwaka 1948. Askari wa kawaida ameandikwa kama hesabu tu: bunduki kadhaa, wabeba mizigo kadhaa. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na yalichapishwa. Lakini alikuwa tajiri, na aliondoka Kongo kabla ya vita hivi. Kwa askari wa kawaida, na kwa kijiji kilichochomwa njiani, zimebaki simulizi za wazee. Nazo tuzichunguze kwa heshima, kwa maswali yaleyale: nani aliona, nani aliambiwa, na inasimuliwa leo kwa nani.

Viongozi wa vikundi wanaweza kufanya zoezi hili jioni moja. Chagueni hadithi moja ya zamani inayotumiwa sasa katika ugomvi wenu. Mwalikeni mzee mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliohamishwa, kila mmoja aisimulie bila kukatizwa. Karani aandike safu mbili: majina ya watu na mahali, yakiwa na majina yake yote, kisha tarehe au alama ya wakati, kama vile "kabla ya reli" au "mwaka wa njaa." Wekeni alama mahali simulizi mbili zinapokubaliana. Zinapotofautiana, msiamue usiku ule nani ni mwongo. Andikeni swali, na jina la mtu anayeweza kulijibu, hata kama anaishi Kindu au Kasongo. Daftari litunzwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, na lisifunguliwe mmoja wao asipokuwapo.