Nyumba ya kupangisha Ngara na Biharamulo: mtafute kwanza mpangaji atakayebaki

Ukipata milioni chache ukiwa Ngara au Biharamulo, watu watakwambia ukimbilie barabarani: Nyakanazi, Benaco, Rusumo, Kabanga. Malori hayakauki, habari za nikeli ya Kabanga ziko kila kijiwe, na dalali hakosi kiwanja "jirani na mgodi". Kabla hujatoa hela, jiulize nani atakuwa anaishi kwenye chumba hicho baada ya miaka mitano.

Benaco ilishaona. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na eneo lile likageuka kambi kubwa kama mji. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, na biashara iliyoitegemea kambi ikaisha. Hata migodi hubadilika: Tulawaka, Biharamulo, ilianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005, na kufikia 2013 wawekezaji wake walishaiachia STAMICO, shirika la madini la serikali.

Kwa hiyo mjengee kwanza mwalimu, muuguzi, mtumishi wa halmashauri na mnunuzi wa mazao. Hao wanataka chumba na sebule, choo cha ndani, maji ya uhakika na mita ya LUKU ya peke yao. Usiwaunganishe wapangaji watatu kwenye mita moja. Mmoja ana friji, mwingine ana taa mbili tu, na kila umeme ukikatika utaitwa wewe kuamua. Weka pia gata na tanki; mvua huku ipo, na bomba likikauka nyumba yako itaendelea kupangishika.

Kwenye kiwanja ndiko wengi wanakoumia. Kando ya barabara kuu, beba futi kamba upime kutoka katikati ya lami: mita 30 kila upande ni hifadhi ya barabara kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Jengo lililopigwa X nyekundu ya kubomolewa usilinunue hata kama lina wapangaji. Kama ni ardhi ya kijiji, dalali na mashahidi wake hawatoshi. Mauziano yapite kwenye halmashauri ya kijiji. Waite majirani wa pande zote wakuoneshe mipaka kwa miguu. Muuzaji akiwa na mwenza, huyo mwenza naye aridhie kwa maandishi, na shamba likiwa la ukoo, kaa na ndugu zake kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Kiwanja kikiwa mjini, namba yake ihakikiwe ofisi ya ardhi ya wilaya.

Halafu piga hesabu bila kujipendelea. Tuseme chumba kimekula milioni 4 na unakipangisha kwa 30,000 kwa mwezi. Kikikaa kitupu mwezi mmoja, mwaka mzima kimeingiza 330,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya TRA kwenye pango, yaani 33,000, na matengenezo ya 50,000. Umebaki na 247,000, kwa hiyo hela yako itarudi baada ya miaka zaidi ya 16. Ndiyo maana mkopo wa kurejesha kila mwezi haufai kwa kazi hii. Jenga viwili kwa akiba, vipate watu, kisha uongeze. Acha nafasi ya kuongeza tangu siku ya kuchora ramani.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kwa ndugu. Taja miezi inayolipwa mbele, notisi ya kuhama, na nani anatengeneza nini. Kwa kuwa tuko mpakani, mpangaji mgeni mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa aandikishwe, na uone vibali vyake. Kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kwenye LUKU tangu 2021, lakini mdaiwa ni mwenye nyumba. Mpangaji akikuonesha meseji za makato, mpunguzie kiasi hicho kwenye pango linalofuata, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba mapema.