Kwenda na Kuelekea: Kanuni za Msimbo na Mwelekeo wa Michoro katika Uhuishaji

Utangulizi

Uhuishaji wa michoro kwa tarakilishi hutumika leo darasani, katika matangazo na katika taarifa za habari. Katika programu ya After Effects, mhuishaji anaweza kusogeza mchoro kwa mkono, hatua kwa hatua, au kuuandikia kanuni fupi ya msimbo inayokokotoa hali yake katika kila fremu. Kanuni hizo, zilizoingizwa katika programu hiyo mwaka 2001, huandikwa kwa JavaScript. Makala haya yanadai kwamba kosa la kawaida katika kuziandika huanzia katika kuchanganya dhana mbili ambazo Kiswahili kimezitenga: kwenda na kuelekea.

Mfano wa Ghuba ya Winam

Ichukuliwe ramani ya Ghuba ya Winam, kaskazini ikiwa juu. Mbita iko kusini-magharibi, kwenye mlango wa ghuba. Kisumu iko kaskazini-mashariki. Juu ya ramani kuna vitu viwili: fungu la magugu maji na mashua.

Magugu maji, ambayo yamelisumbua ziwa hili tangu miaka ya 1990, husukumwa na upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Fungu huenda huku na huko, lakini halina omo wala tezi. Kanuni ya mahali inalitosha.

Mashua ni tofauti. Ikiwa imechorwa kama ionekanavyo kutoka juu, omo ikitazama kulia, na kuandikiwa kanuni ya mahali pekee, itakwenda Kisumu kiupandeupande na kurudi Mbita kinyumenyume. Inakwenda, ila haielekei. Inahitaji kanuni ya pili, inayowekwa kwenye mzunguko wake:

v = transform.position.velocity;
radiansToDegrees(Math.atan2(v[1], v[0]))

Mstari wa kwanza huuliza mashua inakwenda wapi. Wa pili hugeuza jibu kuwa pembe. Mashua ikisogea pikseli 500 kulia kwa kila 300 za kupanda juu, pembe huwa takriban nyuzi -31. Alama ya kutoa inatokana na desturi ya programu: umbali wa wima huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, na mzunguko huhesabiwa kwa kufuata mshale wa saa. Kwa hiyo omo huinuka nyuzi 31 na kuelekea Kisumu. Safari ya kurudi hutoa nyuzi 149, nayo omo huelekea Mbita.

Mashua inapotia nanga

Tatizo hujitokeza mashua inapofika. Mwendo unapokoma, thamani zote mbili huwa sifuri, na pembe inayotolewa ni sifuri. Omo huruka ghafla na kutazama mashariki, kana kwamba nahodha amepagawa.

Hapa sarufi ina la kufunza. Sentensi "Mashua inaelekea Kisumu" ina kiambishi -na-, na huhitaji mwendo. Sentensi "Mashua imeelekea Kisumu" ina -me-, na hueleza hali iliyobaki baada ya tendo. Ndiyo maana husemwa pia kwamba nyumba imeelekea ziwani, ingawa haijasogea kamwe. Kanuni iliyoandikwa hapo juu inajua -na- pekee.

Dawa yake ni kuiongezea -me-. Kwa kuwa kanuni hukokotolewa upya katika kila fremu na haikumbuki jibu lililopita, ni lazima iagizwe kurudi nyuma: mwendo ukiwa sifuri, itafute fremu ya mwisho ambamo mashua ilikuwa ikisogea, kisha itumie pembe ya fremu hiyo.

Hitimisho

Mnyambuliko wa Kiswahili unatoa istilahi zinazohitajika: kwenda huzaa mwendo, kuelekea huzaa mwelekeo, na kuelekeza huzaa maelekezo, yaani kazi ya msimbo wenyewe. Neno "kanuni" linafaa kuliko "usemi", ambalo wanafunzi wa sarufi wamekwisha kulizoea katika usemi halisi na usemi wa taarifa. Dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya fani hii halina mashiko. Mwanafunzi akiandika kwanza sentensi sahihi ya Kiswahili kuhusu mashua yake, atakuwa amegundua kanuni anazozihitaji kabla ya kugusa kibodi.