Nane bila, saba bila: je, ni dhambi kufunga mabao mengi?

Masomo ya kusoma kwanza: Kumb 25:1-3, Mit 11:1, 2 Tim 2:5



Kuna swali ambalo vijana wa huku Geita wananiuliza kila ligi inapokaribia mwisho: timu ikishaongoza nne bila, ni sawa mbele ya Mungu iendelee kufunga, au inatakiwa iwahurumie wenzao? Wengi wanategemea frateri atajibu, "Wahurumieni." Mimi sijibu hivyo. Lakini kabla sijaeleza, turudi nyuma kidogo, kwa sababu kesi nzuri ya kujifunzia tunayo hapa hapa nyumbani.

Msimu wa 2015/16, Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na makundi matatu, na kila kundi lilitoa timu moja ya kupanda Ligi Kuu. Kwenye Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wanafukuzana kileleni, na hesabu ikafika mahali ambapo tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Siku ya mwisho, Februari 2016, Geita Gold wakaifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Siku hiyo hiyo Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Yaani timu mbili zinahitaji mabao mengi, na zote mbili zinayapata, mengi kweli kweli, kwa wakati mmoja. Nchi nzima ikashika kichwa. TFF ikachunguza, na Aprili kamati yake ya nidhamu ikatoa hukumu ya upangaji wa matokeo: timu zote nne zikashushwa daraja, baadhi ya viongozi wakafungiwa. Aliyepanda ni Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa nyuma yao.

Sasa hebu tujiulize vizuri: kosa lilikuwa wapi? Wengine watasema lilikuwa kwenye ile nane. Hapana. Tarehe 11 Aprili 2001, Australia iliifunga American Samoa 31-0 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Thelathini na moja! Ni kipigo kinachouma hata kukisoma. Lakini yale mabao yote yalifungwa dhidi ya kipa aliyekuwa anajaribu kuyazuia. Kwa hiyo ile 31-0, pamoja na ukubwa wake wote, inasema ukweli kuhusu timu mbili zilivyokuwa siku ile. Nane iliyopangwa haisemi kitu chochote kuhusu mtu yeyote.

Huku kwetu mizani hatuhitaji kufundishwa. Mchimbaji mdogo anatoka Nyarugusu au Mgusu na punje zake kwenye karatasi, anafika kwa mnunuzi, na kazi yake yote ya kushinda duarani inageuka kuwa namba moja kwenye kile kimzani kidogo. Mwandishi wa Mithali anasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana, na nadhani watu wa Geita wanauelewa mstari huo kuliko maprofesa wangu wa falsafa. Bao ni uzito. Msimamo wa ligi ni mizani. Ukiweka mabao ya uongo juu yake, hata kama uliyekubaliana naye ameridhika na anacheka, kuna mtu wa tatu ambaye hayupo uwanjani na kilo zake zimeibiwa. Mwaka ule mtu wa tatu alikuwa Mbao. Mwaka uliofuata Mbao hao hao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Hiyo ndiyo timu iliyotaka kuachwa chini kwa mabao ya kupikwa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Kwenye ligi, kilicho cha mpinzani wako ni nguvu yako ya kweli. Ndiyo maana sikubali ushauri wa kuacha kufunga kwenye mechi za ligi. Ukimlegezea huyu leo kwa huruma, umebadilisha hesabu ya yule ambaye wiki iliyopita ulimkamua mpaka dakika ya mwisho. Huruma yako inalipwa na mwingine.

Je, basi hakuna mpaka? Upo, na kwangu umeandikwa mahali ambapo hatupatafuti. Kumbukumbu la Torati 25 inazungumzia mtu aliyehukumiwa kuchapwa. Sheria inaweka kikomo cha mapigo arobaini. (Sisemi ruksa mabao arobaini, msininukuu vibaya.) Angalia sababu inayotolewa: ikizidi hapo, ndugu yako atakuwa kitu cha kudharauliwa machoni pako. Amekosa, ameshindwa, anachapwa, na bado anaitwa ndugu. Kikomo kile kinalinda mgongo wake, ndiyo, lakini kinalinda pia macho ya anayetazama.

Ukishika hapo, utaona kwamba bao la sita si lazima limdharau mtu, na pasi za kuzungushana ili mashabiki wapige "ole!" zinaweza kumdharau kuliko mabao kumi. Kumwachia mtu goli makusudi ni dharau pia, maana unamwambia kwamba hata ukisimama wewe ni mkubwa kwake. Ujerumani walipoongoza 5-0 mapumziko dhidi ya Brazil mwaka 2014, beki wao Mats Hummels alieleza baadaye kwamba walikubaliana wabaki makini na wasijaribu kuwadhalilisha wenyeji. Wakaongeza mawili, mechi ikaisha 7-1. Hawakuacha kucheza. Waliacha mbwembwe.

Sisi je? Yanga walipoifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, vidole vitano vilinyooshwa miezi mingi, hadi kwenye vijiwe vya kahawa Shinyanga mjini. Simba nao walikuwa wameinyoosha mikono yao tangu ile 5-0 ya Mei 2012. Utani wa jadi naupenda, na mtani anajua kurudisha. Tatizo linaanza pale ambapo kijana anashindwa kwenda jumuiya kwa sababu anajua atazomewa mpaka kwenye sala ya kufunga. Huyo hakufungwa na timu yoyote.

Mkikutana Jumapili baada ya Misa, naomba mjadili jambo moja tu. Ni mashindano ya vijana wa dekania. Timu yenu imeshatolewa, mechi ya mwisho haina faida kwenu. Mnacheza na kigango jirani, marafiki zenu kabisa, mmeimba nao kwaya moja. Wanahitaji ushindi wa mabao sita ili wavuke. Hakuna aliyetoa hela, hakuna aliyeweka mkeka. Usiku wa kuamkia mechi, nahodha wao anampigia simu kipa wenu, anamwambia, "Kaka, tusaidie." Kipa anakuja kwako kuomba ushauri. Unamwambia nini, na nani utakuwa unamfikiria unapomjibu?